Mwandishi mgeni kwenye kongamano la waandishi: kumwandaa kuanzia barua ya mwaliko hadi meza ya vitabu

Mwandishi mzuri si lazima awe msemaji mzuri. Amezoea kukaa peke yake na kuifuta sentensi mara kumi kabla mtu mwingine hajaiona, na jukwaani hakuna kufuta. Kipindi chake kikiharibika watu husema "hajui kuongea", lakini ukifuatilia vizuri utakuta kosa lilifanyika miezi kadhaa nyuma: barua ilimwomba "aje azungumzie uandishi" ikaishia hapo, au maiki ilijaribiwa na fundi badala ya mgeni. Mwongozo huu ni wa kamati za maandalizi. Mwandishi mwalikwa naye ana sehemu yake humu, na akiusoma wote atajua nini cha kudai.

Miezi 6 hadi 9 kabla: anzeni na kipindi, si jina

Kamati nyingi huanza na jina. Mtu anasema "tumpate fulani", wote wanashangilia, na baada ya miezi mitatu ndipo linakuja swali la atafanya nini. Matokeo yake mtunzi hodari wa riwaya, asiyependa kabisa kuchambua anavyoandika, anapewa warsha ya dakika 90, anaishiwa maneno dakika ya 25 na hajui pa kushika. Andikeni kwanza vipindi mnavyohitaji, kisha mtafute anayefaa kila kimoja.

Hotuba kuu huchukua dakika 30 hadi 40, na inamfaa mtu mwenye hoja moja nzito na sauti ya kuibeba. Warsha ni dakika 90 au zaidi kwa watu 12 hadi 20, na anayeiendesha awe amewahi kufundisha. Wakizidi 20 hawezi tena kusikiliza kazi ya kila mmoja. Mazungumzo jukwaani, yaani mgeni akiulizwa na mwongozaji mbele ya hadhira, ndiyo njia salama kuliko zote kwa mtu ambaye hamjawahi kumsikia akiongea. Mwongozaji hubeba nusu ya mzigo, na mgeni akitetereka anaokolewa kwa swali.

Kuhusu jopo, hesabu ni nyepesi na bado watu huikosea. Kipindi cha dakika 60, mkitoa 5 za utambulisho na 15 za maswali, kinabaki na 40. Wanajopo watatu watapata kama dakika 13 kila mmoja. Watano watapata 8, na hapo bado mmoja hajala muda wa wenzake. Watatu wanatosha. Wa nne na wa tano mara nyingi huongezwa ili mtu fulani asinune, na hadhira ndiyo inayogharamia.

Mgeni mmoja asipewe vipindi zaidi ya viwili kwa siku, na kutia saini vitabu kuhesabiwe kuwa kazi, si mapumziko.

Barua ya mwaliko

Barua nzuri humwezesha mgeni kujibu ndiyo au hapana bila kuuliza swali hata moja. Mfano wa aya inayojitosheleza ni huu:

"Tunakualika kwenye mazungumzo jukwaani ya dakika 60, siku ya Jumamosi, saa 4:00 hadi 5:00 asubuhi (10:00–11:00 kwa mfumo wa saa 24). Tunatarajia watu kama 120. Wengi wanaandika riwaya yao ya kwanza. Baadhi wameshachapisha hadithi fupi. Tungependa uzungumzie namna ulivyoipunguza riwaya yako ya pili. Baada ya makaribisho na utambulisho, dakika 3 kwa jumla, utasoma kwa dakika 7, utazungumza na mwongozaji dakika 30, kisha maswali dakika 15, na dakika 5 za mwisho ni za kufunga. Kipindi kitarekodiwa sauti, na hakitawekwa mtandaoni bila ridhaa yako ya maandishi."

Saa zimeandikwa kwa namna mbili, na kuna sababu. "Saa 4 asubuhi" kwa msemaji wa Kiswahili haina utata, lakini mgeni anayehesabu saa kuanzia usiku wa manane huisoma kuwa ni alfajiri, na programu ya kalenda kwenye simu haijui habari za saa za Kiswahili. Andikeni zote mbili kila mahali: kwenye barua, ratiba na ujumbe wa kukumbushia.

Halafu pesa. Zitajwe kwenye barua ya kwanza, kwa tarakimu, na isemwe kama kiasi hicho ni kabla au baada ya kodi na makato mengine. "Hatutakuacha hivihivi" si kiwango cha malipo. Kama hakuna posho, semeni hakuna, na muorodheshe mnachoweza kutoa: nauli, malazi, chakula, meza ya kuuzia vitabu. Wapo waandishi watakaokubali bila posho. Hakuna anayefurahi kugundua hivyo akiwa ameshafika. Tajeni pia siku ya kulipa na njia ya kulipa, na chukueni taarifa za akaunti mapema ili mhasibu asianze kuzitafuta siku ya kongamano.

Nauli na malazi mlipe wenyewe moja kwa moja kila inapowezekana. Utaratibu wa "lipa kwanza, leta risiti tukurudishie" humfanya mwandishi awakopeshe ninyi, na wengi hawana akiba ya kukopesha. Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti au kitambulisho chake, si lile la kwenye jalada la kitabu. Waandishi wanaotumia majina ya kalamu wameshakwama viwanjani kwa kosa hilo. Afike siku moja kabla. Mgeni anayetua saa mbili kabla ya kupanda jukwaani ni kamari.

Jambo la kurekodi lina mtego ambao waandaaji wengi hawauoni. Mgeni akisoma kipande cha kazi ambayo haijachapishwa, na nyinyi mkakipandisha mtandaoni, majarida na mashindano mengi yanaweza kukihesabu kuwa kimeshachapishwa na kukikataa. Mwulizeni mapema: atasoma kilichochapishwa au kipya? Kama ni kipya, fundi azime kurekodi dakika hizo, na mwongozaji awaombe watu waweke simu chini. Hayo yaandikwe kwenye makubaliano, ukurasa mmoja tu, wenye saini mbili.

Tarehe ya mwisho ya kujibu iwemo. Wiki tatu ni muda wa haki. Asipojibu, kumbusheni mara moja, subirini wiki moja, kisha nendeni kwa jina la pili bila kinyongo.

Wiki 8 kabla: wasifu, picha na jina

Ombeni wasifu wa aina mbili: maneno 50 kwa ajili ya ratiba, maneno 120 kwa ajili ya tovuti. Mkiomba mmoja tu, mtu wa usanifu ataukata mwenyewe na atakata kitabu kisichostahili kukatwa. Picha ya kuchapwa kwa upana wa sentimita 10 na urefu wa 15 inahitaji angalau pikseli 1200 kwa 1800. Atakayeituma kwa WhatsApp aitume kama faili. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na kwenye bango uso utaonekana kama umemwagiwa maji.

Mwombeni pia sauti ya sekunde tano akitamka jina lake. Mwongozaji aisikilize mpaka ulimi uzoee. Kukosea jina la mgeni katika sentensi ya kwanza ni doa lisilofutika kwa sifa zitakazofuata.

Wiki 6 kabla: vitabu

Amueni nani anauza: mchapishaji, duka la vitabu, au mwandishi mwenyewe. Njia iliyozoeleka ni mali kauli, yaani muuzaji anachukua vitabu, analipa vilivyouzwa na kurudisha vilivyobaki. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa hiyo idadi ihesabiwe mbele ya watu wawili kabla meza haijafunguliwa na baada ya kufungwa, na karatasi isainiwe mara zote mbili. Kamisheni ya muuzaji ijulikane kwa asilimia tangu mwanzo.

Ukumbi wa watu 100 unahitaji nakala 25 hadi 30 za kitabu kitakachosomwa, na 10 za kila kitabu kingine. Kitakachoisha ni kile kilichosomwa jukwaani, hivyo mgeni aseme mapema atasoma kipi. Akibadili mawazo usiku wa kuamkia kipindi, watu watatoka na hamu ya kitabu ambacho hakipo mezani. Wekeni chenji ya kutosha na njia ya kulipa kwa simu, na bei iandikwe kwa herufi kubwa. Mnunuzi mwenye haya hatauliza, ataondoka.

Wiki 2 kabla: mwongozaji

Mwongozaji ambaye hajasoma kitabu hujulikana ndani ya dakika mbili. Huuliza: "Hebu tueleze safari yako ya uandishi." Swali hilo ni mlango wa tawasifu ya dakika kumi na tano, tangu darasa la tatu na mwalimu aliyempa kalamu. Aulize kitu chenye pembe: "Sura ya tatu inaanza na barua. Kwa nini barua, na si mazungumzo?" Mwandishi akisikia hivyo hukaa sawa kwenye kiti, kwa sababu anajua amesomwa.

Aandae maswali nane, atatumia matano. Yaanze na madogo ya kitabuni, yaishie na makubwa ya ufundi, kwa sababu mtu huongea kwa urahisi zaidi juu ya sentensi aliyoiandika kuliko juu ya "nafasi ya fasihi katika jamii". Wazungumze kwa simu wiki moja kabla, dakika 30 zinatosha, na wakubaliane mambo matatu: mgeni atasoma ukurasa upi, mambo gani hataki kuulizwa, na ishara ya kufunga ni ipi. Asimtumie maswali yote neno kwa neno. Akiyapata atakuja na majibu ya kukariri, na mazungumzo yatasikika kama mtihani wa mdomo. Mada zake zinatosha.

Utambulisho uwe wa sekunde 90. Asisome wasifu ambao kila mtu anao mkononi kwenye ratiba. Aseme kitabu kimoja, jambo moja linalomtofautisha mwandishi huyu, na kwa nini kamati ilimtaka kwenye kongamano hili. Na asifichue mwisho wa riwaya. Hutokea mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Kwa mwandishi mwenyewe

Hadhira ya kongamano la waandishi si ya uzinduzi wa kitabu. Kwenye uzinduzi watu wamekuja kusherehekea. Hapa wamekuja kuiba ujuzi, na wamelipa ili waibe. Wanataka kujua rasimu zilikuwa ngapi, ulikata nini, mhariri alikukatalia nini na nani alikuwa na haki. Hotuba ya "andikeni kwa bidii, msikate tamaa" inapigiwa makofi na kusahaulika kabla ya chai.

Kitu kinachofanya kazi vizuri kuliko chochote ni kuonyesha aya moja katika hali mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Si lazima iwe ndefu. Tuseme rasimu ya kwanza ilisema:

"Mzee alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni baada ya kuipokea barua ile."

Na kitabuni ikawa:

"Mzee aliikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena."

Ukieleza kwa dakika nne kilichotokea kati ya sentensi hizo mbili (kwa nini neno huzuni liliondoka, kwa nini mikono ikachukua kazi ya moyo, kwa nini kukunja ni mara mbili na si mara tatu) umewapa watu kitu cha kwenda nacho nyumbani. Mifano mitatu ya namna hiyo inatosha kujaza dakika 12.

Usikadirie urefu wa hotuba kwa vipimo vya vitabu vya Kiingereza. Neno moja la Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa: "nitakupigia" ni neno moja, na kwa Kiingereza ni manne. Maneno 100 ya Kiswahili huchukua muda mrefu zaidi kinywani. Jipime: simama, soma ukurasa wako kwa sauti ya ukumbini ukiwa na saa, kisha hesabu maneno. Ukisoma maneno 300 kwa dakika 3, hotuba ya dakika 25 ni maneno 2,500. Punguza moja ya kumi, ubaki na 2,250, kwa sababu jukwaani kuna vicheko, maji ya kunywa na kutafuta ukurasa.

Usomaji usizidi dakika 7. Chagua kipande chenye wahusika wawili, watatu kwa shida. Sikio haliwezi kurudi nyuma kuangalia nani kasema nini. Kipande kinachohitaji maelezo ya dakika tatu kabla ya kueleweka si cha kusoma, hata kama ndicho unachokipenda. Una ruhusa ya kuruka mistari. Sentensi iliyo nzuri kwa jicho inaweza kuwa ndefu kwa pumzi, na hakuna atakayekushtaki kwa kuikata.

Chapa maandishi kwa ukubwa wa pointi 16, nafasi ya mstari mmoja na nusu, upande mmoja wa karatasi, namba kila ukurasa. Usizibane kwa pini. Karatasi zilizobanwa lazima zigeuzwe, na mgeuzo huo karibu na maiki husikika kama moto wa makuti. Zisizobanwa huzitelezesha pembeni kimya. Simu si mbadala mzuri: kioo hujizima, ujumbe huingia, na mwanga wake hukumulika kidevu. Ukilazimika kuitumia, izime mtandao na urefushe muda wa kioo kuwaka.

Slaidi ziwe chache. Herufi zisiwe chini ya pointi 28, na beba nakala ya PDF kwenye flashi, maana kompyuta ya ukumbini isipokuwa na fonti yako itaweka yake na mistari yote itahama. Kuonyesha zile sentensi mbili za rasimu ni matumizi halali ya projekta. Kuonyesha jalada la kitabu kwa dakika arobaini si matumizi.

Siku moja kabla: sauti

Ukumbi ukiharibu sauti, umeharibu kila kitu kilichotangulia. Jaribio lifanywe na mgeni mwenyewe, akiwa amekaa au kusimama pale atakapokuwa, huku mtu mwingine akisikiliza kutoka safu ya mwisho. "Moja, mbili, tatu" haijaribu chochote cha maana, kwa kuwa watu huitamka kwa nguvu wasiyoitumia kwenye kusoma. Asome mistari mitano ya kile atakachosoma, kwa sauti ileile. Kisha ajaribu sentensi yenye p na b nyingi, kama "papo hapo baba akabeba pipa", kwa sababu herufi hizo hutoa pumzi inayopiga maiki kama ngumi. Zikigonga, maiki ihamishwe kidogo pembeni mwa mdomo badala ya mbele yake.

Maiki ya mkono ishikwe sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, kwenye mpini. Anayeifunika kwa kiganja ile sehemu ya wavu kama mwimbaji wa kufokafoka ataletea ukumbi mlio wa kukera. Mlio huohuo hutokea mtu akitembea mbele ya spika: sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena. Spika ziwe mbele ya jukwaa zikiwatazama watu, na mgeni aonyeshwe mpaka wa kutembea. Maiki ya kubana hukaa kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu, mtandio na beji ya kongamano. Beji ndiyo adui asiyetajwa; hugonga kila mtu anapopumua. Mwambieni mgeni mapema kwamba maiki hiyo ina kijisanduku kinachohitaji mkanda au mfuko, maana gauni lisilo na vyote viwili huleta hangaiko nyuma ya pazia.

Betri ziwe mpya kila asubuhi, na za akiba ziwe mfukoni mwa fundi, si ofisini. Kwenye jopo kila mmoja awe na maiki yake. Moja ikizungushwa kwa watu watatu, kila zamu inakula sekunde, na mwenye kuishika hataki kuiachia.

Kwa viti: mwongozaji akae mwisho wa safu, si katikati, ili awaone wote bila kuzungusha shingo. Sofa za kuzama zinapendeza kwenye picha lakini mtu akizama hubanwa pumzi, na aliyevaa sketi fupi atatumia saa nzima akijivuta. Viti vya kawaida vyenye mgongo, meza ndogo, maji kwenye glasi. Chupa za plastiki hulia zikishikwa.

Mwisho, saa. Iwepo saa kubwa mbele ya jukwaa inayoonekana na wazungumzaji, pamoja na mtu wa safu ya kwanza mwenye kadi tatu: 10, 5, na 0. Kadi ya 0 ikiinuliwa ibaki juu mpaka mtu anyamaze.

Maswali ya hadhira

Hapa ndipo vipindi vizuri hufia. Dakika 15 zinatosha maswali matano au sita, kama kila moja na jibu lake litachukua dakika mbili na nusu. Mwongozaji atangaze kanuni kabla ya mkono wa kwanza: jina, swali moja, sentensi mbili.

Wawepo wahudumu wawili wa maiki, mmoja kila upande, na wasiiachie. Mhudumu anaishika yeye, muulizaji anaongea. Aliyeshika maiki ndiye aliyeshika uwanja, na ukishampa mtu mwenye hotuba yake mwenyewe utaitafuta kwa tochi. Akianza kuhutubia hata hivyo, mwongozaji asubiri apumue, kisha aingie kwa upole: "Ahsante ndugu, tumekupata. Swali kwa mgeni wetu ni lipi?" Mara nyingi hakuna swali, na kila mtu ukumbini anafahamu hivyo, kwa hiyo kuhamia kwa mwingine hakuonekani ukatili.

Kimya cha mwanzo kisiwatishe. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Mwongozaji ahesabu kimoyomoyo hadi saba, na akiona bado, atumie swali moja kati ya yale aliyobakiza. Kila swali lirudiwe kwa ufupi kabla ya kujibiwa: walio nyuma hawakulisikia, na kwenye rekodi pasipo kurudiwa kutakuwa na majibu yasiyo na maswali.

Mawili yatakuja karibu kila mara. La kwanza ni kama mhusika fulani ni mama yake mwandishi au mkewe. Mgeni awe na jibu lake tayari, hata likiwa "hilo naliacha kitabuni". La pili si swali, ni ombi: "Nina muswada wangu hapa, naomba uupitie." Asikubali jukwaani kwa aibu kisha asitimize. Kama kongamano lina miadi ya miswada, mwongozaji aelekeze huko. Miadi hiyo huenda vizuri ikiwa na kurasa zisizozidi 10, zilizotumwa wiki nne kabla, dakika 15 kwa kila mtu na 5 za kupumzika. Hiyo ni watu watatu kwa saa, na wasizidi sita kwa siku. Wa saba huambiwa maneno yaleyale aliyoambiwa wa tatu.

Kutia saini

Sekunde 45 kwa mtu, watu 40: nusu saa. Pangeni muda huo kwenye ratiba, kipindi kinachofuata kisiwe cha mgeni yuleyule. Meza iwe karibu na mlango wa kutokea ukumbini, mbali na chakula. Mtu mmoja atembee kwenye foleni na vikaratasi, kila mnunuzi aandike jina analotaka liandikwe, na kikaratasi kiwekwe kwenye ukurasa wenye jina la kitabu, ambao ndio wa kutiwa saini. Bila hivyo mgeni atauliza "Aisha au Aysha?" mara arobaini. Kalamu ijaribiwe kwenye karatasi ya kitabu chenyewe. Wino wa jeli juu ya karatasi inayong'aa haukauki upesi, kitabu kikifungwa saini inajichapa upande wa pili.

Mgeni akikwama, au akija kwa mtandao

Pangeni mbadala tangu mwanzo, wala msimwonee haya mgeni kumwambia. Mbadala mzuri ni mwongozaji mwenyewe, ambaye ameshakisoma kitabu, pamoja na mwandishi mwingine aliyepo kongamanoni, wakijadili kurasa tatu za mgeni zilizoonyeshwa ukutani. Watu waambiwe ukweli na muda mpya. "Yuko njiani" ikisemwa mara tatu inamaliza imani hata kwa vipindi vya kesho.

Akizungumza kutoka mbali, atumie intaneti ya waya kama ipo, avae visikizi ili sauti ya ukumbi isimrudie kama mwangwi, na kamera iwe usawa wa macho. Jaribio lifanywe siku iliyotangulia, saa ileile ya kipindi, maana mtandao wa saa 3 asubuhi si wa saa 2 usiku. Atume mapema rekodi ya usomaji wake wa dakika 7, ikae kwenye kompyuta ya ukumbini. Picha ikikatika, msomaji anaendelea kusikika huku fundi akimpigia simu ya kawaida, na mahojiano yataendelea kwa sauti tu. Na mwongozaji ajifunze kusubiri sekunde mbili baada ya kila jibu. Sauti inachelewa, na wasipojihadhari wataongea wote kwa pamoja kisha wote wanyamaze.

Baada ya kongamano

Posho ilipwe siku iliyotajwa kwenye barua. Ndani ya wiki moja mgeni apate barua ya shukrani yenye hesabu ya vitabu: vilivyoletwa, vilivyouzwa, vilivyorudi, na fedha yake. Ndani ya mwezi apelekewe rekodi aisikilize kabla haijatumika popote, na jibu lake la ndiyo au hapana lihifadhiwe pamoja na yale makubaliano ya ukurasa mmoja.

Mwongozaji na fundi waandike, siku hiyohiyo kabla ya kulala, nini kilichelewa na kwa dakika ngapi. Nusu ukurasa. Kamati ya mwaka ujao ianze kikao chake cha kwanza na karatasi hiyo mezani, kabla mtu hajasema "tumpate fulani".